Deni la Ariel: Uigizaji wa Tufani na Swali la Shukrani katika Frere Town

Uhakiki wa tamthilia za Shakespeare umezoea kuuliza iwapo kundi la maigizo lina haki ya kuibadili kazi ya kale. Swali hilo limekwisha makali. Mwaka 1969 S. S. Mushi alichapisha Tufani kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Aimé Césaire wa Martinique akaiandika upya tamthilia hiyohiyo kwa jicho la mtumwa. Tangu hapo kumvika Prospero kofia ya gavana si uasi tena, bali ni mazoea. Vichekesho navyo huvumilia mengi, kama walivyoonyesha waigizaji wa Wanawake wa Heri wa Winsa katika Globe, London, mwaka 2012. Swali gumu zaidi ni la kimaadili: kundi linapompa mhusika wa kale uso wa watu waliopata kuishi, linawajibika kwa nani?

Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni, inalikaza swali hili. Makazi haya yalianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza, na yakaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara hiyo. Kengele iliyowaonya wakazi dhidi ya wavamizi ndiyo iliyoliachia eneo la Kengeleni jina lake.

Kundi litakaloiigiza Tufani mahali kama hapa litavutwa kwanza na Caliban. Ndivyo desturi ya nusu karne inavyoelekeza. Lakini Caliban anadai kisiwa alichorithi kwa mama yake, Sycorax, ilhali waliotua Frere Town, wengi wao wakitoka pande za Ziwa Nyasa, hawakuwa na dai la namna hiyo. Walishushwa pwani kutoka majahazini, wakawekwa katika ardhi iliyonunuliwa na wengine. Aliye ndugu yao ni Ariel.

Ariel alifungiwa na Sycorax ndani ya mti wa msonobari kwa miaka 12, akalia mpaka Prospero alipoupasua. Uokozi huo ni wa kweli. Tamthilia haiutilii shaka. Hata hivyo, aliyeokoa ndiye aliyemwajiri, na kila Ariel anapoulizia uhuru wake hukumbushwa ule mti. Prospero mwenyewe hukiri kwamba humsimulia habari hizo kila mwezi. Fadhila hapa imegeuzwa kandarasi ambayo mpokeaji hakuitia saini. Wakazi wa Frere Town nao waliokolewa kwa kweli. Na mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mlei wa makazi hayo alishutumiwa kwa kuwachapa viboko watu walewale waliotolewa minyororoni.

Waongozaji wa Uingereza wamelijibu suala la deni hili kwa ukali. Jonathan Miller, mwaka 1970, alimfanya Ariel kuwa mtumishi msomi anayeiokota fimbo ya bwana wake aliyeondoka. Katika utayarishaji wa Sam Mendes huko Stratford mwaka 1993, Ariel wa Simon Russell Beale, mara tu alipoachiliwa, alimtemea Prospero mate usoni. Tendo hilo lilikuwa na haki yake: hakuna awezaye kumuuza mtu uhuru ambao haukuwa mali yake.

Je, mate hayo yaweza kutemwa Frere Town? Hapa ndipo James Mbotela anapoingia. Kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, kinawashukuru Waingereza kwa sauti ambayo wahakiki wengi wameiita kasumba. Lawama hiyo haikosi msingi, kwani kitabu kinawatwika Waarabu dhambi yote na kuupitia ukoloni kimyakimya. Lakini Mbotela alizaliwa na watu waliotekwa. Shukrani yake si ya kuazima. Kundi linalomfanya Ariel wa Frere Town ateme mate linamnyang'anya mzee huyo neno lake, na kulinyang'anya kwa jina la kumkomboa. Kosa hilo lina sura ya Prospero. Kwa upande mwingine, kundi linalomfanya apige magoti linatoa stakabadhi ya deni ambalo halikuwako. Mtu aweza kushukuru kwa dhati na bado asiwiwe.

Shakespeare ameacha pengo linalofaa. Prospero anapotamka neno la mwisho la kumwachilia, Ariel hana mstari wa kujibu, wala tamthilia haisemi anamtazamaje bwana wake. Ukimya huo ni mali ya mwigizaji, na huenda ungetosha kama ungeachwa ukae jukwaani kwa muda bila muziki. Linabaki tatizo moja la utendaji. Ariel wa Shakespeare ana upepo wa kurudia. Wale walioachiliwa Kisauni hawakuwa na njia ya kurudi Nyasa, na wengi walizikwa palepale walipookolewa. Mwongozaji atalazimika kuamua mwigizaji wake atokee upande gani wa jukwaa, au asitoke kabisa.