Hariri na Mikono Iifuayo

Hariri ni uzi wa mdudu. Kiwavi wake hula majani ya mforosadi, hujisokotea kifuko, na kifuko kimoja hutoa uzi wa mamia ya mita. Lakini ili uzi usikatike, kifuko hutiwa katika maji ya moto kabla nondo hajakitoboa. Wako wanaoikataa hariri kwa sababu hiyo, na hoja yao si ya kuchekwa. Hata hivyo, mwanamke wa Kibaha anunuaye sketi ya hariri yenye maua, pengine katika lundo la mitumba, hulikuta vazi limekwisha kuwapo. Swali lake huanza pale liingiapo nyumbani: nani atalitunza?

Kulivaa hakuna lawama. Uislamu, ulioenea sana Uzaramo, umewakataza wanaume hariri na kuwaachia wanawake. Sketi hiyo ni nyepesi, huufuata mwendo wa aivaaye, na maua yake huchangamka katika mwanga. Aifungiaye sandukuni miaka kumi kwa kuogopa doa hamzidi kwa fadhila yule aivaaye. Na nondo hana adabu ya kungoja harusi.

Lakini hariri ni dhaifu kwa namna yake. Imeumbwa kwa protini, kama nywele, na jasho huila. Jua la Pwani nalo halimwachi mtu bila jasho. Kwa hiyo haiwezi kulala kapuni wiki nzima. Sabuni kali huichakaza, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huiharibu kabisa, na jua huifubaza. Hutaka maji baridi na sabuni laini. Isisokotwe, bali ikunjwe ndani ya taulo kavu, ianikwe kivulini, kisha ipigwe pasi ya moto mdogo kwa upande wa ndani ingali na unyevu. Maua yaliyochapwa yataka kujaribiwa kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, maana rangi nyingine hutoka. Hayo yote yahitaji muda, na yahitaji maji.

Na maji katika wilaya hizi yana historia. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi, Kibaha, mwaka 1959, ukawa unapeleka maji Dar es Salaam. Mji wa Kisarawe, ulio vilimani karibu na jiji hilo, uliyangoja maji ya Ruvu mpaka mwaka 2020, ulipozinduliwa mradi wa kuyafikisha huko kutoka Kibamba. Miaka 61 ndoo ilipanda vilima juu ya vichwa vya wanawake na watoto. Ndoo ya kusuuzia hariri haikuwa nyepesi kuliko ndoo ya kupikia.

Achukuliwe, basi, binti wa kijiji cha Kisarawe aliyeajiriwa katika nyumba ya Kibaha. Kwao amezoea kufua kanga na vitenge, nguo za pamba zinazostahimili sabuni ya mche, mikono miwili yenye nguvu, na kamba ya juani. Anakabidhiwa sketi bila neno. Anaifua kwa bidii ileile aliyofunzwa na mama yake, na bidii hiyo ndiyo inayoiharibu. Jioni maua yamefifia, na mwenye nyumba anatangaza kuwa fidia itatoka katika mshahara.

Yasemwa kwamba mshahara umelipa kila kitu. Haukulipa elimu ambayo mwenye sketi alikuwa nayo akaificha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata fidia ya uharibifu bila kumweleza mfanyakazi kwa maandishi na kumpa nafasi ya kujitetea. Lakini hata kama sheria ingenyamaza, ni dhuluma kumdai mtu uangalifu ambao hakufundishwa. Pwani yajua vema ubaya wa nguo nzuri iliyoegemea mabega ya wengine: zamani za utumwa kaniki ilimtambulisha mtumwa, na mavazi ya fahari yalimtambulisha bwana. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Desturi ya kutoiona mikono ifuayo haikufutwa kwa sheria hiyo.

Haifuati kwamba kila mwenye hariri lazima aifue mwenyewe. Mgonjwa hawezi, na mwenye kazi nyingi aweza kukosa saa. Lakini akae mara moja karibu na beseni, aonyeshe kwa mikono yake, na rangi ikichujuka baadaye licha ya uangalifu, hasara iwe yake, kwa kuwa ndiye aliyechagua kitambaa kisichovumilia.

Labda mtihani mkubwa zaidi huja Idi inapokaribia, binti anapoomba kuiazima sketi kwa siku moja, aende nayo kwao. Jibu la haraka ni kwamba ataiharibu. Mikono yake imeaminiwa kuifua, kuianika na kuipiga pasi mwaka mzima. Kiuno chake ndicho kisichoaminiwa.