Gari Haina Kipengele? (Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18)



Ndugu zangu wafungaji, leo tunajibu swali la msomaji wetu mmoja anayefanya udalali wa magari. Ameandika hivi: "Sheikh, nimepewa IST niuze. Najua giaboksi inasumbua ikipata moto. Mteja amekuja, ameizunguka, ameiwasha, karidhika. Hajaniuliza habari ya giaboksi. Nikinyamaza, nimesema uongo?"

Swali hili linawahusu wengi wetu. Kuanzia Shinyanga mjini, Kahama, Masumbwe, mpaka Katoro na Geita, magari yaliyotumika ndiyo yanayobeba watu na mizigo. Probox za mchomoko, Noah, Fuso, Hilux za kwenda machimboni, karibu zote zimeshapita mkono wa mtu mwingine. Na ukifungua simu, tangazo ni lile lile: "Gari haina kipengele. Injini safi, AC kali, weka mafuta utembee." Sasa jiulize, ndugu yangu, gari iliyotembea miaka ishirini inakosaje kipengele hata kimoja?

Tuanze na kunyamaza. Wengi tunadhani uongo ni neno, kwa hiyo aliyefunga mdomo yuko salama. Lakini unaijua habari ya muuza nafaka wa Madina. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu. Akauliza kulikoni. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuuweka ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Hebu mtazame yule mfanyabiashara. Hakuloweka nafaka yeye, ni mvua. Hakusema kwamba yote ni kavu, wala mapokezi hayasemi kuna mteja aliyemuuliza akamdanganya. Alichofanya ni kupanga: kavu juu, mbichi chini. Alipanga mali ili jicho la mnunuzi lisifike pale penye tatizo. Hiyo peke yake ilitosha kuitwa kughushi.

Sasa turudi kwenye giaboksi. Wewe unajua inasumbua ikipata moto. Mteja unamwita asubuhi, gari ikiwa baridi, unampa azunguke mtaa mmoja tu, dakika tano, unamrudisha kwenye kivuli mpange bei. Mdomo wako haujasema kitu, lakini umeweka kavu juu. Kuosha injini isionekane inapovuja, kutia oili nzito moshi usitoke siku ya kuuza, kupiga rangi mlango uliogongwa na kusema "rangi ya kiwandani", yote hayo ni nafaka ile ile.

Na kuna la kurudisha kilomita. Sisi watu wa huku tunajua ng'ombe. Mtu akienda mnadani Tinde, humfungua ng'ombe mdomo atazame meno, apate umri wake. Zama za Mtume walikuwepo watu waliomwacha mnyama siku kadhaa bila kukamuliwa, chuchu zimefungwa, ili siku ya mnada kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume alikataza. Akampa mnunuzi khiari ya siku tatu: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Kilomita za gari ndiyo meno yake na ndiyo kiwele chake. Anayerudisha laki mbili na nusu ikasomeka elfu tisini amekifunga kiwele kwa kompyuta.

Utaniuliza, basi nitajuaje kipi lazima nikiseme? Maana nikianza kuhesabu mikwaruzo ya gari ya mwaka 2004 tutafuturu hapo hapo. Kweli, dini haikutaki uhesabu mikwaruzo. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamesema aibu ya bidhaa ni ile inayopunguza thamani yake, au inayomkosesha mnunuzi lengo lake la halali, katika kitu ambacho kwa kawaida mfano wake hauna aibu hiyo. Kiti kilichochakaa kwenye gari ya miaka ishirini kila mtu anakitegemea. Giaboksi inayokwama njiani hakuna anayeitegemea.

Mimi napenda kipimo chepesi zaidi, unaweza kukitumia hata ukiwa umesimama yadi. Jiulize: mteja huyu angejua ninachokijua, bei ingebaki ile ile? Kama mmekubaliana milioni 11, na angejua angetoa milioni 9 na nusu, basi ile milioni moja na nusu hujailipwa kwa ajili ya gari. Umelipwa kwa ajili ya kutojua kwake. Na kutojua kwa mtu si bidhaa yako uiuze. Qur'ani inatuambia kwamba Nabii Shuaib (a.s.) alipotumwa kwa watu wa Madyan, pamoja na kuwaita kwenye tauhidi, aliwakataza kuwapunguzia watu vitu vyao.

Hapo wengine hujibu: "Sheikh, mimi kwenye risiti naandika kabisa, mali ikishauzwa hairudishwi, nunua kama ilivyo. Amesaini. Kuna dhambi gani tena?"

Hili nalo lina habari yake, na Imam Malik ameipokea katika Muwatta. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa, kwa desturi za zama zile, kwa dirhamu 800, kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Baadaye mnunuzi akalalamika kwamba ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman (r.a.). Uthman hakuishia kwenye sharti. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha yule mtumwa kwake. Akapona, akaja kuuzwa kwa dirhamu 1,500.

Maana yake ni nini kwetu? Sharti la "kama ilivyo" linaweza kumlinda mtu na asichokijua. Kumlinda na anachokijua, hapana. Wanazuoni wametofautiana hapa. Mahanafi wamelipa sharti hilo nguvu zaidi. Katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba linafaa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua, kwa sababu mnyama anakula, anatembea, na maradhi yake hujificha. Lakini unyamaze juu ya unachokijua, kisha ukimbilie saini ya mwenzio? Saini inaweza kukuokoa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mbele ya Mwenyezi Mungu (s.w.t.) utaulizwa kile kile alichouliza Uthman: ulijua?

Na sasa shetani ana njia nyingine, tena ya werevu. Wapo wanaomwambia fundi: "Usiifungue, sitaki kujua." Ili siku akiapa, aape kweli. Ndugu yangu, kutojua na kukataa kujua ni vitu viwili. Mteja anakuja kwako badala ya kununua kwa mtu yeyote barabarani kwa sababu wewe ndiye unayejua magari. Faida yako unaipata kwa ujuzi huo. Huwezi kuuza ujuzi wako asubuhi, jioni ukajificha nyuma ya ujinga wako. Aliyefumba macho kwa makusudi anajua kuna kitu mbele yake, ndiyo maana akafumba.

Kuna jambo moja ambalo hata mteja akiambiwa na kukubali, bado halijaisha. Ni breki, usukani, matairi. Giaboksi ikifa, hasara ni ya mnunuzi, na mtu ana haki ya kusamehe mali yake mwenyewe. Lakini gari inayokwenda kuwa mchomoko wa Katoro na Geita itapakia mama anayepeleka mtoto hospitali, na mwanafunzi anayerudi shule. Hao hawakuwepo mlipokuwa mnapatana. Hawakusaini. Mnunuzi hawezi kusamehe kwa niaba yao damu ambayo si yake. Kwa hiyo gari mbovu ya breki haipunguzwi bei kisha ikaingizwa barabarani. Inatengenezwa kwanza, au inauzwa spea.

Sasa tuje kwenye dhamana, maana baadhi ya yadi zimeanza kuandika "waranti mwezi mmoja, injini na giaboksi". Ni jambo zuri. Ila lielewe. Kurudishiwa kwa aibu iliyokuwepo kabla ya kuuza ni haki ya mnunuzi, uwe umeandika waranti au hukuandika. Hiyo si hisani yako. Waranti ya kutengeneza kitakachoharibika baadaye ni ahadi ya ziada, na wapo wanazuoni wa zama hizi walioiruhusu inapotolewa bila kutozwa fedha ya peke yake. Lakini ukishaiahidi, imekuwa deni la neno lako. Usiandike "waranti" kubwa kwenye tangazo, halafu mteja akirudi siku ya kumi unamwambia ilikuwa ya injini tu na kilichokufa ni pampu ya injini.

Kama huwezi kutoa waranti, sheria yetu imekupa njia nyepesi: khiari ya sharti. Mkubaliane siku tatu, na katika Ushafi haizidi siku tatu. Mteja aipeleke kwa fundi wake, aipandishe moto mpaka Ushirombo na kurudi. Akiridhika, biashara imefungwa. Asiporidhika, kila mtu na chake. Hata sheria ya nchi haiko mbali na hapa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora ambayo muuzaji wa kazi hiyo anabeba hata kama hayakutamkwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji.

Najua jibu la sokoni: "Nikisema yote, jirani yangu mwongo atauza, mimi nitalala njaa." Sitakudanganya kwamba haitatokea. Kuna siku mteja atakukimbia kwa sababu ya ukweli wako. Ndiyo gharama, na dini haikuahidi kwamba ukweli ni wa bure. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Angalia, kinachofutwa ni baraka. Fedha inaweza kubaki mfukoni kabisa, ukaihesabu, na kitu chenyewe hakimo.

Kisha wakumbuke wateja wako ni akina nani. Wengi ni wachimbaji wadogo. Mtu amekaa duarani miezi minane Nyarugusu au Rwamagasa, kapata mali mara moja, anataka gari kesho. Watu hawa kwa muda mrefu walilalamikia mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Soko la dhahabu Geita lilipofunguliwa Machi 2019, jambo kubwa lilikuwa dhahabu kupimwa hadharani, mwenye mali akiona. Sasa mchimbaji ametoka kwenye mizani inayosoma mbele ya macho yake, anaingia yadi kwako na pesa ile ile, anakutana na kilomita zilizorudishwa. Na usiseme "lakini yule si Muislamu." Aya za kupunja vipimo zimetaja watu. Na katika habari ya nafaka, Mtume alitaka watu waone. Hakuuliza ni watu wa dini gani.

Nawe mnunuzi una zamu yako. Ukigundua aibu, irudishe mara moja. Usiipigishe mchomoko miezi miwili ndipo uikumbuke dini. Na usimtumie mjane asiyejua bei ya Fuso aliyoachiwa na marehemu. Jarir bin Abdillah (r.a.), kwa mapokezi ya Tabarani, aliuziwa farasi kwa 300, akamwambia mwenyewe kwamba thamani yake ni zaidi, akawa anampandishia mpaka akamnunua kwa 800. Alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu, akaona ahadi hiyo inafika mpaka kwenye bei.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza: ndiyo, ukinyamaza umeghushi. Mwambie mteja wako leo: "Giaboksi inasumbua ikipata moto, fundi kasema kadhaa, tupunguze bei au nikutengenezee." Mwambie na mwenye gari kwamba hutaiuza kwa namna nyingine. Mkiachana naye, umeachana na kamisheni, na Mwenye kuruzuku hajaondoka.

Tumebakiza siku chache. Tumefundishwa kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula chake na kinywaji chake. Kabla hujafuturu jioni ya leo, fungua simu, soma matangazo yako yote yaliyopo hewani. Lile unalojua si kweli, lifute au ulisahihishe. Ni kazi ya dakika kumi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, zipe ndimi zetu ujasiri wa kusema aibu ya mali zetu, na utukubalie swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho baada ya Alfajiri, inshaallah. Mtumie na mwenzako mwenye yadi.