DENI LA HARUSI LIANDIKWE

Leo tunasema na ninyi vijana mnaotaka kuoa, na ninyi mliooa juzi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Sura ya Baqara aya ya 282, inaamuru deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Sisi je? Kijana anakopa dola kwa mjomba, franka kwa rafiki, anaomba zamu ya kwanza ya likelemba, yote kwa ajili ya chakula cha siku moja. Karatasi hakuna. Mke anakuja kusikia habari hiyo mlangoni, kwa mdomo wa mdai!

Siku za mwanzo, Mtume (s.a.w.) akiletewa maiti mwenye deni asiyeacha cha kulipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao.

Basi jioni hii kaeni wawili na daftari moja. Andikeni: nani anawadai, kiasi gani, kwa dola au kwa franka (maana franka haikai mahali pamoja), na siku ya kulipa. Na wewe mume, mahari uliyobakiza ni deni pia. Hiyo iandike ya kwanza.