Kutembea kwa Hiari na Kutembea kwa Lazima

Kila mwaka, mbele ya tarehe 3 Juni, watu wengi wanatembea kwa miguu mpaka Namugongo, kule Uganda, kukumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto pale mwaka 1886. Wengine wanamaliza juma zima na zaidi njiani, na magari yanawapita. Sisi wa Masisi na Walikale tukisikia habari hiyo tunaweza kushangaa. Kutembea kuna utakatifu gani? Huku kwetu nani hajatembea?

Swali hilo si la kuchekwa. Tangu vita vya mwaka 1993, watu wetu wamekimbia mara nyingi, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kisha, kasiterite ilipoonekana Bisie mwaka 2002, vijana waliibeba mgongoni, kilo 50, siku mbili katika pori mpaka kufika barabarani. Nani atawaita hao mahujaji? Miguu ni ile ile, matope ni yale yale. Basi kinachotenganisha si urefu wa njia, ni uhuru. Mwenye kuhiji amechagua kutoka, na akichoka anarudi na kukuta mlango wake. Mkimbizi hana mlango.

Mababu Wanyanga walikwisha kufikiri jambo hili. Katika hadithi ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969, shujaa anasafiri chini ya ardhi kwa kupenda kwake, kumfuata baba yake Shemwindo aliyetaka kumwua. Anashinda, anapata sifa. Lakini baadaye Nkuba, yaani Radi, anampandisha mbinguni kwa nguvu, juu aliua rafiki yake, lile joka Kirimu. Kule anapigwa na baridi, mvua na jua mwaka mzima, bila nyumba. Akirudi, anawapa watu wake amri, na moja inakataza kumcheka kilema anayepita kijijini.

Je, tuseme basi kwamba mateso ni mwalimu mzuri? Hapana. Vita vimevunja watu wengi bila kuwafundisha kitu, na hatuna haki ya kumwambia mkimbizi kwamba Mungu anamsomesha. Funzo la Mwindo ni lingine: mwenye nguvu alionja maisha ya asiye na pa kulala, akarudi na sheria ya kulinda mnyonge.

Hapo ndipo safari ya hiari inapata maana. Anayetembea siku nyingi kwa sala anajifunza kuomba maji, kulala kwa watu asiowajua, kujibu kila mahali: “Unatoka wapi? Unaenda wapi? Uko wa nani?” Kwa siku chache anakaribia hali ya mkimbizi, hata kama haiwezi kuwa sawa. Akirudi kwake na kufunga mlango, alitembea bure. Akirudi na kuufungua, ile ilikuwa hija ya kweli.

Na sisi ambao hatuendi Namugongo? Njia inapita mbele ya nyumba zetu. Mtu akipita na mzigo, kabla ya kutafuta kujua ni wa kabila gani, tumpatie kiti na maji. Maswali yatafuata akiisha kupumzika.