Enyi Waunga Mifupa wa Kojani, Neno Lenu Ni Ushahidi

Ndugu zangu wa Kojani, nasema kwanza na nyinyi mafundi wa viungo. Mvuvi akiteguka bega kwa kuvuta nyavu, au akivunjika muundi kwa kuteleza chomboni, mlango wenu ndio wa kwanza kubishwa. Mnaupapasa mguu kwa ncha za vidole mpaka mnajua ufa umepita wapi, mnauvuta mfupa ukarudi mahali pake, mnaufunga gango, mnakanda kwa mafuta asubuhi na jioni. Kazi hiyo ina heshima yake, na anayeidharau hajawahi kuvunjika dagoni, hospitali ikiwa mbali na pepo zikiwa mbaya.

Lakini mna kazi ya pili, na hiyo wengi wenu mnaichukulia wepesi. Mnatoa neno. Mnasema fulani ni kiwete, mguu hautarudi, mgongo umekwisha. Sheha akitaka kujua hali ya mtu kabla ya kumwandikia barua, atamuuliza nani kama si nyinyi mliomkanda? Barua ikifika Wete, daktari ataisoma, atamtazama mtu, naye atatia sahihi na muhuri. Kwa neno lile lililotoka barazani kwenu mtu anaweza kupata kigari cha magurudumu, au nafasi ya mafunzo, au mkopo wa masomo wa mtoto. Bodi ya mikopo ya Tanzania humtaka mwombaji mwenye ulemavu alete uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kule Bara halmashauri zimewekewa sheria ya kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 katika hizo ni za watu wenye ulemavu. Asilimia 2, jamani! Fungu dogo namna hiyo, akiingia mzima mmoja kwa barua ya uongo, kuna kiwete aliyetolewa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mijini, ya watu wenye magari na maegesho yaliyochorwa alama ya kiti cha magurudumu. Kweli, kisiwani kwetu hakuna gari la kuegesha. Nyumba zimebanana na vichochoro ni vya mguu. Lakini tuna vyombo vya kuvukia. Maji yakitoka, chombo hakifiki mchangani. Mtu anashuka kwenye tope akatembea, na asiyeweza kutembea anabebwa mgongoni. Nafasi ya kukaa vizuri chomboni, na kijana wa kukubeba bila kunung'unika, ndiyo maegesho yetu. Anayejifanya mgonjwa ili apishwe amechukua mgongo wa kijana uliokuwa haki ya bibi asiyejiweza.

Nitawapa mfano wa mbali, kwa sababu wenzenu wa kazi hii wamo ndani yake. Marekani kuna waganga wa kunyoosha uti wa mgongo, huitwa makairopraktiki, na kazi yao ilianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Katika jimbo la California sheria inawaruhusu kuthibitisha kwamba mtu anastahili kibali cha kuegesha gari mahali pa wenye ulemavu. Imewaruhusu, na hapo hapo imewawekea mpaka: wathibitishe ulemavu wa miguu au wa mikono tu. Moyo, mapafu, macho, hayo wanaachiwa wengine. Tena kila anayetia sahihi anatakiwa aweke kumbukumbu za kutosha kuonyesha aliona nini, na zikitakiwa kukaguliwa azitoe. Mafundi, sikilizeni vizuri hapo. Serikali yenye hospitali za kila aina imemwamini mtu wa kazi kama yenu, ikamtaka vitu viwili: asivuke elimu yake, na asiseme jambo asiloweza kulionyesha.

Na walipolegeza, yalitokea nini? Mwaka 1999 wachezaji 19, wa wakati ule na wa zamani, wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha UCLA jimboni humo, vijana wanaokimbia na kugongana uwanjani, walishitakiwa kwa kujipatia vibali vya wenye ulemavu. Fomu zao zilikuwa na maradhi ya kubuni na sahihi za madaktari zilizoghushiwa. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa jimbo hilo akakuta kwenye madaftari karibu vibali 26,000 vya watu wenye miaka 100 au zaidi, ilhali wazee wa umri huo jimbo zima walikadiriwa kuwa 8,000. Marehemu walikuwa wanaegesha magari! Na wakati huo huo mtu asiye na mguu alikuwa anazunguka barabarani akitafuta nafasi, hajui aliyekaa pake ni kibali cha maiti.

Sasa tuje kwenye dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa hali ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka, akakaa sawasawa, akalirudia neno hilo mara kwa mara mpaka waliokuwepo wakatamani lau angenyamaza. Shirki aliitaja akiwa ameegemea, na kuwaasi wazazi vilevile. Hili alilikalia. Fundi unayesema "mwandikie tu, yule mtoto wa mjomba wangu", unajua umegusa jambo gani?

Mkumbukeni Kaab bin Malik. Alibaki nyuma katika safari ya Tabuk bila udhuru wowote. Mtume aliporudi Madina, watu themanini na kitu wakaja mmoja mmoja na visingizio vyao, wakaapa, wakapokelewa kwa dhahiri yao. Kaab alikuwa na ulimi wa kutosha kutunga udhuru mzuri kuliko wote. Akakaa mbele ya Mtume akasema hana udhuru. Kwa kweli hiyo akasuswa siku 50, hakuna wa kumjibu salamu, mpaka toba yake ikashuka katika Qur'ani. Wale wa visingizio nao walitajwa, na mnajua walivyotajwa.

Msidhani dini inawabana wenye ulemavu. Udhuru wa kweli una cheo mbele ya Mungu. Aya ya Surat An-Nisaa ya kuwatofautisha wanaopigana na wanaokaa majumbani ilipokuwa ikiandikwa, Ibn Ummi Maktum, kipofu, alilalamika kwamba angeweza angekwenda. Zaid bin Thabit, mwandishi, anasimulia kwamba paja la Mtume lilikuwa juu ya paja lake, likawa zito mpaka akaogopa litavunjika, ndipo yakashuka maneno ya kuwatoa wenye dhara. Aya ilipewa nyongeza kwa ajili ya asiyeona. Ruhusa iliyotoka mbinguni kwa uzito huo, wewe unaigawa kwa kilo mbili za changu?

Lipo na la kuvuka elimu. Vijana wetu wanazamia majongoo kwa mitungi. Mtu akikaa chini sana kisha akapanda haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu, na mapovu yakishika uti wa mgongo miguu inakufa ganzi. Analetwa kwenu hana jeraha, hana mfupa uliovunjika. Msimkande! Msiseme ni shetani, wala msiseme anajisingizia kwa kuwa mguu umenyooka. Anahitaji oksijeni na chumba cha mgandamizo, na kila saa mnayomshika inamla. Mtume amefundisha kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu huo atadaiwa alichoharibu. Kusema "hili si langu, mpelekeni hospitali leo hii" ni sehemu ya ufundi.

Nawe sheha, nawe daktari: usitie sahihi kwa mtu usiyemwona. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya 2018 inaadhibu kughushi nyaraka, na zawadi ya kulainisha muhuri ni kesi ya ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa. Lakini naogopa zaidi kosa la upande wa pili, maana kwetu ndilo kubwa. Wapo waliostahili barua wakaambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu, na kila kuja ni chombo, ni nauli, ni mgongo wa mtu. Wapo watoto waliofichwa chumbani kwa haya ya wazazi, hawajulikani kwa sheha wala kwa mwalimu. Zanzibar ilikuwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985. Haki hizo hazivuki maji zenyewe kuja Kojani. Zinavushwa na mtu anayeshuhudia. Kunyima ushahidi ni dhambi kama kuubuni, na Qur'ani imeuita moyo wa anayeuficha kuwa wenye dhambi.

Basi kila fundi na atafute daftari wiki hii. Asiyejua kuandika amwite mwanawe wa skuli. Liandikwe jina la mgonjwa, siku aliyoletwa, kiungo kilichoumia, alichokiona fundi kwa mkono wake, na alichoshindwa kukijua. Siku sheha atakapouliza, fundi afungue daftari asome yaliyomo, asiongeze. Na nyinyi akina mama wenye mtoto ndani, mleteni kwa sheha Jumatatu asubuhi kabla maji hayajatoka. Vijana wa msikitini watakuja kumbeba, nimewaambia, wamekubali.