Mabaki ya Samaki ni Mali ya Nani?

Watu husema takataka ni takataka. Lakini litazameni bondo la sangara, yule samaki ambaye sisi wa Kongo twamwita kapiteni. Zamani halikuwa na thamani kubwa. Leo, likikaushwa, wachuuzi hulinunua kwa bei ipitayo ile ya mnofu, likapelekwa China. Bondo ni lile lile. Yaliyobadilika ni macho ya watu.

Siku hizi wafugaji wa samaki hupewa shauri hili: mabaki ya viwanda vya samaki yageuzwe chakula cha samaki wa kufugwa. Shauri ni jema. Samaki akiisha kukatwa minofu, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki: kichwa, mifupa, ngozi, matumbo. Vikitupwa ziwani vyaoza na kuharibu maji. Vikipikwa, vikakamuliwa mafuta, vikakaushwa na kusagwa, vyatoa unga wenye nguvu, wa kuchanganywa na pumba. Au vyaweza kusagwa vibichi na kutiwa tindikali kidogo. Ndipo yale maji yayeyushayo chakula tumboni mwa samaki huyeyusha nyama, wala haiozi. Tena shauri hili laweza kuwaokoa dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao husagwa kwa wingi kulisha kuku, hali ni kitoweo cha maskini. Sharti moja: samaki asilishwe mabaki ya jamaa zake mwenyewe, kwani magonjwa hupita hapo.

Haya basi, ugumu uko wapi? Kando ya ziwa hilo viwanda vya minofu viliongezeka katika miaka ya 1980 na 1990. Minofu ilikwenda Ulaya; vichwa, na mifupa yenye nyama kidogo, wanawake waliinunua, wakaianika, wakaikaanga, wakaiuza. Mwanza huitwa mapanki, Kisumu mgongo wazi. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, iliwaonyesha watu wa mbali mapanki hayo, na wengi waliona aibu. Je, dawa ya aibu hiyo ni kumwondolea mama beseni lake na kuipeleka mifupa yote kwenye kinu cha unga? Nasema hapana. Chakula kilichoanikwa mahali pachafu chataka mahali safi pa kuanikwa. Ukimwondolea mtu chakula kwa sababu wewe umeona haya, hukumheshimu. Umejipumzisha macho tu.

Mwenye kiwanda atajibu: “Samaki nimemnunua mzima kwa fedha yangu, nitamwuzia anilipaye zaidi.” Nami simwiti mwizi. Ila afanye hesabu yote. Kilo 4 au 5 za mabaki mabichi zatoa kilo 1 tu ya unga, kwa maana sehemu kubwa ni maji. Nyama iliyogandamana na mfupa, mtu akiila, imefika. Ikipitia bwawani, nyingine hupotea njiani. Na yule samaki atakayenona kwa unga huo ataliwa na nani? Akiuzwa sokoni kwa bei ya watu wote, maskini amerudishiwa kitu. Akiishia katika hoteli, sioni alichorudishiwa.

Kwa hiyo nauliza kwanza kama kitu chaingia chunguni mwa mtu. Mifupa yenye nyama yaingia. Wenye mabeseni waitwe kwanza, kwa bei wanayoiweza. Magamba, mapezi na damu sijaona yeyote akivigombania.

Hapa Kongo, katika miaka ya 1950, vidimbwi vya tilapia vilichimbwa kwa maelfu, na vingi viliachwa baada ya 1960. Anayefufua kimoja leo pengine hana kiwanda karibu, bali ana soko, na wauza samaki wanaotupa matumbo kila asubuhi. Ayachague yasiwe ya tilapia, ayachukue siku ile ile, ayachemshe sana, ayachanganye na pumba. Hapo hanyimwi mtu, ila labda mbwa wa sokoni.