Israfu ya Macho

Tivi ya inchi 32, sebule ya Jomvu Kuu, na kisanduku cha kutazamia filamu za mtandaoni. Je, kuna haja kisanduku hicho kionyeshe 4K? Katika mji huu wa kale wa Wajomvu, mojawapo ya Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, swali la fundi halikawii kuwa la dini: je, hiyo si israfu?

Hesabu inaelemea upande wa wanaokataa. Picha ya 4K ina pikseli milioni 8.3 hivi, mara nne ya HD kamili. Lakini jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii, na kwa tivi hiyo, mtazamaji akipita mita 1.3 nukta za HD kamili zimeshaungana. Nani hukaa karibu hivyo, ila watoto? Wakati huohuo saa moja ya 4K kwenye Netflix yaweza kula gigabaiti 7. Ni kweli, kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa 2009. Lakini anayenunua bando la simu hapunguziwi bei kwa ujirani wake na kebo.

Dini nayo inawaunga mkono: mtoto wa madrasa hufundishwa asifuje maji ya udhu hata akiwa kando ya mto unaopita.

Wanaotetea picha kali husema inamsogeza mtu karibu na ukweli. Hapo mwanazuoni Ghazali angetabasamu. Katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal anataja nyota: jicho huiona kama dinari, hesabu ikathibitisha ni kubwa kuliko dunia. Na Saudia hurusha picha za Msikiti Mtukufu wa Makka usiku na mchana, ila wanazuoni wengi hawakubali swala ya kumfuata imamu wa kwenye tivi, picha iwe ya ukungu au ya kioo.

Hata hivyo, mafunzo ya udhu hayaulaumu mto. Uwezo usiotumiwa haujafujwa. Familia ikipata tivi ya inchi 55, mpaka ule wa jicho husogea hadi mita 2.2 hivi, na kisanduku kisichoweza 4K huenda kikatupwa kabla ya kuchakaa. Wakenya walishaonja hilo 2015: mitambo ya analojia ilipozimwa, tivi zisizo na kasoro zilibaki giza hadi king'amuzi kinunuliwe. Basi kiwe na 4K. Lawama iende kwa watengenezaji wanaokiacha kijichagulie ubora wa juu kabisa chenyewe, huku kitufe cha kupunguza kimefichwa ndani ya menyu. Kisanduku kianze na HD, na anayelipia bando ndiye apandishe.